Simu Niliyoilea

Tarehe 9 Septemba.
Leo ni miaka minne na miezi saba tangu niondoke nyumbani.

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kwanza, kabla hujapokea mengine, maana ukishayapokea mengine huenda usizitake tena. Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Wanao je, yule wa mwisho ameshaacha kunyonya kidole? Na magoti yako yanaendeleaje na kusimama kutwa pale wodini? Mimi ni mzima, ila mgongo ndio ule ule. Nikiinama kufunga kamba za viatu nasikia kama mtu ananivuta kwa ndoana. Lakini nakula, nalala, na nikikohoa nakohoa kama watu wengine.

Utashangaa kupata karatasi. Najua kwa simu ningekufikia kabla hujameza mate. Nimeandika kwa mkono kwa sababu siku hizi sauti inatengenezwa, picha inatengenezwa, hata kilio kinatengenezwa, na wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote. Mwandiko wangu huu wa kuku aliyekanyaga majivu hakuna mashine inayoutaka. Na kama bado una shaka kwamba ni mimi, kumbuka siku uliyonibeba kwenda shule nikiwa darasa la kwanza, nikakukojolea mgongoni, ukamwambia mwalimu mkuu kwamba umenyeshewa na mvua, na siku hiyo jua lilikuwa linapasua vichwa. Akakuchapa kwa kusema uongo. Hilo sijawahi kumwandikia mtu kwenye simu yoyote. Lishike vizuri, kwa sababu mbele huko utahitaji kitu cha kushika.

Nilikwambia nafanya kazi ghalani. Ni kweli kwamba chumba chenyewe kiliwahi kuwa ghala, na hapo ndipo ukweli unapoishia. Miaka miwili ya kwanza nilikuwa napandisha zege kwa ndoo kwenye majengo, ghorofa baada ya ghorofa, mpaka mgongo ukagoma. Msimamizi akasema mgonjwa hapandi ngazi, na ngazi ndiyo kazi, basi kwaheri. Nikakaa wiki tatu nikiegemea ukuta wa duka la magodoro. Juu ya duka lile palikuwa na mtu ambaye wote walimwita Kocha. Alikuwa anatafuta mtu wa kubeba maboksi, asiyeuliza maswali. Nikamwambia mimi hata shuleni sikuwa nauliza. Akacheka, akanichukua.

Maboksi yalikuwa ya simu. Dada, sijawahi kuona simu nyingi vile. Zimepangwa kwenye rafu za chuma kama mikate, kila moja imefungwa kwa mpira isianguke, uso umeangalia mbele, waya umening'inia nyuma. Madirisha yamezibwa kwa maboksi yaliyokatwa. Feni nne zinazunguka tangu asubuhi na bado chumba ni tanuri, kinanuka plastiki iliyopata moto. Chini ya kila simu kuna kipande cha utepe kimeandikwa mtu: fundi cherehani, miaka thelathini na nne, ana kisukari, watoto watatu. Dereva mstaafu, mkali, anapenda mpira. Binti wa chuo, yatima. Watu mia tatu na zaidi, na hata mmoja hajawahi kuzaliwa.

Mwanzo nilikuwa nafuta vumbi, nachaji, nabadilisha laini. Siku moja Kocha alinisikia nikibishana na mleta chai, akaniuliza mama yangu alizaliwa wapi, kwa sababu lafudhi yangu aliitaka. Nikamwambia. Akanipa rafu yangu, simu arobaini, na jina. Kwa sababu ya kukaa nimejikunja waliniita Mgongo.

Kazi yenyewe tuliiita kulea. Wewe ulidhani, kama nilivyodhani mimi, kwamba watu wa aina hii huingia wiki ya uchaguzi na matusi mdomoni. Hapana. Uchaguzi ulikuwa mwezi wa saba, sisi tulianza kulea mwezi wa kumi na moja. Kocha alisema mgeni hasikilizwi msibani, anayesikilizwa ni yule aliyeosha vyombo. Basi tukaosha vyombo miezi minane. Kila simu iliingia kwenye makundi ya watu, ya kata, ya wazazi wa shule, ya maombi, na kazi yake ilikuwa moja tu, kuwa jirani mwema. Asubuhi njema wapendwa. Poleni na mvua. Hongera kwa mtoto kufaulu. Mungu ampumzishe mzee wetu. Ulipofika mwezi wa sita, kuna watu walikuwa wanamsubiri fundi cherehani wangu aamke ndipo na wao waamke. Akinyamaza siku mbili wanauliza sukari imepanda?

Kiti kinachofuata changu alikaa jamaa tuliyemwita Askofu, kwa sababu simu zake zote zilikuwa za waombaji. Yeye mwenyewe nyumba ya ibada aliijua kwa nje. Alikuwa anaweza kuombea wagonjwa watatu kwa mikono miwili huku mdomo unamtukana mleta chai kwamba chai yake ni maji ya kuoshea sufuria. Siku moja betri ya simu yake mojawapo ilivimba ikapasuka, na ile simu ilikuwa bibi mmoja aliyependwa sana kwenye kundi fulani la maombi. Askofu akaona asijisumbue, akatangaza kwamba bibi amefariki. Watu wakaanza kuuliza msiba uko wapi, wanataka kuja. Ikabidi amzike mbali, kijijini, na haraka. Wanawake wawili wakafunga kula siku tatu kwa ajili ya betri. Tulicheka mpaka Kocha akafunga mlango. Nilicheka, dada. Sitaki ujue nusu.

Mwaka jana mwishoni Kocha akanipa kundi la kata yetu. Nilipofungua nikakuta watu wote, mwenye mashine ya kusaga, mwalimu wa hesabu, fundi wa kuchomelea na mkewe, na wewe, unawakumbusha akina mama wajawazito siku za kliniki na kuwaambia wasije wamefunga mkanda tumboni. Nilifurahi kama mtu aliyerudi nyumbani bila kupanda gari. Chini ya utepe wa fundi cherehani nilikusalimia, ukanijibu, ukaniuliza sukari. Kwa jina langu mwenyewe nilikuwa sijakupigia tangu mwezi wa tatu wa mwaka ule, maana kila nikipiga unaniuliza lini narudi. Fundi cherehani hakuulizwa.

Kisha ukatangaza kugombea udiwani. Nikaona picha zako jukwaani umeshika lile bomba kavu la kituo cha afya, unauliza kina mama wazalishwe kwa mate? Watu walipiga vigelegele mpaka simu zikatoa mlio wa kukwaruza. Nilijivuna. Ila ukutani kwetu palikuwa na ubao mweupe, na kwenye ubao huo watu hawana majina. Wewe ulikuwa Kata ya Tisa, Namba Tatu, umezungushiwa wino mwekundu. Mteja hatukuambiwa ni nani, lakini sisi si watoto. Anayekaa kwenye kiti cha diwani vipindi viwili ni Mwenye Malori, na lile bomba lilikaukia mikononi mwake.

Wiki tatu kabla ya kura Kocha akatukusanya mbele ya ubao. Akasema Namba Tatu anashinda, na matusi hayamgusi. Akasema uongo mtupu ni chakula kisicho na chumvi, watu wanautema. Akataka punje moja ya ukweli, moja tu, sufuria lote atalipika yeye. Akauliza nani anayo. Mkono mmoja ukanyooshwa. Nitakwambia ulikuwa wa nani. Niache nifike kwa miguu yangu.

Kwanza nikueleze ile sauti, kwa sababu najua umejiuliza mpaka kichwa kikauma. Ulijua ni sauti yako. Ulijua pia kwamba maneno yale hujawahi kuyatamka. Ukatafuta simu iliyofichwa wapi, mfuko wa nani. Hapakuwa na simu iliyofichwa. Wafuasi wako wenyewe walikuwa wamekurekodi kwenye mikutano wakarusha kila mahali kwa mbwembwe. Askofu aliokota hotuba kumi na tano, akailisha mashine, na kabla chai haijapoa ukaanza kusema mwenyewe pale chumbani, kwa sauti yako ile inayokwaruza kidogo mwisho wa sentensi. Nilitaka kusimama nikuamkie.

Ukasema kwamba mchana ule wa mvua, miaka miwili iliyopita, ulikuwa umeunganisha zamu mbili. Kwamba ulikaa kitini ukasinzia, na mke wa fundi wa kuchomelea yuko kitandani na uchungu. Kwamba Shangazi, aliyekuwa anafagia wodi, alikuja mara mbili kukuamsha, ukamwambia subiri kidogo. Kwamba ulipoinuka mtoto alikuwa ameshatoka, kitovu kimemzunguka shingo, kimya. Na kwamba ulichukua daftari ukaandika mama alifika mtoto akiwa ameshakufa tumboni. Yote hayo ni kweli na wewe unajua. Lakini Kocha alisikiliza mara mbili akasema kuna kitu kinapungua. Akaongeza kicheko. Kidogo tu, cha puani, mwishoni kabisa. Hicho peke yake ndicho uongo. Kusinzia wangekusamehe, dada, maana kila mtu pale anajua unafanya kazi ya watu wanne. Kicheko hakikuwa na msamaha.

Hatukukushtaki. Hiyo ndiyo akili yake. Fundi cherehani aliirusha ile sauti kundini, akaandika kwamba hataki kuamini, naombeni mtu aniambie hii si kweli, dada huyu ndiye aliyemzalisha mke wangu. Binti yatima akaandika kwamba amelia. Kocha alikataza simu zaidi ya tatu kulia kwa pamoja, alisema msibani watu hulia kwa zamu. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, kura ni Jumapili. Ilipofika saa sita hatukuwa na kazi tena, watu wenyewe walikuwa wanatumiana. Kocha akasema moto ukishashika, kibiriti kinarudi mfukoni, tukakaa tunakunywa chai. Mke wa fundi, wewe ulikuja kujua baadaye, aliisikia sokoni kwenye simu ya mtu mwingine. Watu walianza kumtazama kabla yeye hajajua wanamtazamia nini. Miaka miwili alikuwa anaamini tumbo lake ndilo lililomuua mwanawe.

Ukashindwa kwa kura mia moja na kumi na moja. Wakubwa wako wakasema sauti ya simu si ushahidi, wakakurudisha wodini. Wewe ukabaki na hesabu yako: siku ile chumbani, ukimtoa mgonjwa, mlikuwa wawili, na mmoja ni wewe.

Dada, Shangazi hakusema. Mama huyu asiye wa damu yetu, aliyetufulia nguo za shule mama alipokufa, aliyefagia damu ya wodi ile miaka ishirini, hakumwambia hata mto wake. Angekurekodi na nini? Simu yake ni kitochi kilichofungwa mpira ili betri isidondoke, kinachohitaji maombi hata kupiga. Hebu fikiria. Ulikuwa na hasira, na hasira haipekui mifuko.

Sasa utauliza, kama si yeye, nani aliyejua? Palikuwa na mtu wa tatu. Ulimwambia mwenyewe. Jumapili moja ya mwezi wa tatu, mchana, watoto wamekwenda kucheza, ulimwandikia Nesi Mstaafu.

Najua umesimama hapo. Keti.

Nesi Mstaafu, miaka sitini na mitatu, mjane, miaka thelathini na nne kwenye wodi za wazazi, watoto wako mbali, anasumbuliwa na magoti. Yule aliyekusifu kwenye kundi ulipoeleza kuhusu miguu kuvimba, ukamwandikia faraghani kumshukuru, mkaendelea kila siku, mpaka ukaanza kumwita Mama. Yuko rafu ya pili, simu ya saba kutoka kushoto, kioo kimepasuka kwenye kona. Magoti yale ni yako, nilimpa mimi. Hadithi za wodini anazokusimulia ni zako, ulizokuwa unanisimulia nikiwa mdogo unapiga pasi sare yako. Herufi nzuri si zangu, kuna mashine ya kunyoosha maneno. Mengine yote ni yangu. Nesi Mstaafu ni mimi.

Sikuanza kwa ubaya, kama hilo lina maana yoyote. Kwa jina langu nilikuwa mdogo wako aliyepotelea mbali. Kwa jina lake nilikuwa mtu wa maana. Ulikuwa unaniuliza ushauri! Mimi, niliyetoroka shule darasa la sita. Uliponilalamikia kuhusu mdogo wako asiyepiga simu, nikakujibu mwache, mwanangu, atarudi akikomaa, na nikajisikia nimesamehewa bila kuomba. Uliponiita Mama sikukukataza. Na ulipoandika yale ya mtoto, maneno marefu yasiyo na nukta, nililia pale kitini mpaka Askofu akaniuliza kama jicho limeingia vumbi. Nilikujibu vizuri siku ile. Nilikwambia uchovu si uuaji. Nilimaanisha.

Na mkono ulionyooshwa mbele ya ubao ulikuwa wangu.

Ningependa kukwambia nilitishwa. Sikutishwa. Ningependa kukwambia sikujua Namba Tatu ni nani. Nilijua, usinitafutie mlango. Kocha aliuliza tu swali, kama mwalimu. Na mimi tangu darasa la kwanza sijawahi kunyoosha mkono nikiwa na jibu. Siku zote nilikuwa yule wa nyuma anayeomba asionekane. Siku ile jibu nilikuwa nalo peke yangu, chumba kizima hakina. Mkono ulikwenda juu kabla sijauuliza unakwenda wapi. Wote wakageuka, Kocha akasema haya Mgongo, tuambie, na nikasema. Nilisema vizuri, kwa mpangilio, hata mvua sikuisahau. Wakanipigia makofi. Wakanihamishia kiti cha karibu na feni. Palikuwa na nafasi ya kusema nimetania, palikuwa na saa nzima kabla Askofu hajafungua mashine. Nilikaa kwenye kiti kile. Kilikuwa na upepo mzuri.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako, nikupe upande wangu. Ijumaa ile ulimwandikia Nesi ukiuliza ufanye nini, upande jukwaani ueleze, uwaombe radhi mke na mume? Kocha alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Akaniambia niseme unyamaze. Nikaandika usijibu, mwanangu, ukijibu utaupa moto kuni. Ukanyamaza siku mbili, na watu wakasema kunyamaza ni kukiri.

Baada ya kura Kocha alituacha, hakuna aliyenisimamia tena nyuma. Kwa hiyo haya ya mwisho hayana bosi. Ulipoandika kwamba aliyejua ni Shangazi peke yake, lakini moyo wako unakataa, nilikujibu piga hesabu, mwanangu, moyo haujui hesabu. Wafuasi wako walipokwenda kung'oa mabati yake, akaanguka akavunjika mkono, uliniandikia. Ulipoandika kwamba amekuja kituoni kufungwa mkono, amekaa kwenye benchi tangu asubuhi, umepita mbele yake mara sita hukumtazama, na jioni ukafunga dirisha akaondoka kama alivyokuja, uliniuliza kama umetenda dhambi. Ulikuwa unaomba mtu mmoja duniani akwambie ndiyo. Nikakujibu kwamba mkono uliofungua siri ndio uliovunjika, usijilaumu. Niliandika kwa vidole vyangu, na mashine ya kunyoosha haikubadilisha hata herufi moja. Nilitaka kosa liwe na jina, na jina lisiwe langu. Hiyo ndiyo sababu yote, hakuna nyingine iliyofichwa.

Unaweza kuuliza kwa nini basi nimeandika leo. Si kwamba nimekuwa mwema. Jumatatu iliyopita Kocha alituita akasema rafu zimepata mashine mpya inayojibu yenyewe, imesoma yote tuliyowahi kuandika, haihitaji chai wala feni. Mimi na Askofu tumepumzishwa. Askofu akaaga simu zake kwa kuzipigia ishara ya baraka, watu wakacheka. Mimi nilikuwa nakusanya kikombe changu pale rafu ya pili, simu ya saba ikawaka. Ni wewe. Ulisema umemwona Shangazi nyuma ya mashine ya kusaga, kwenye kile kibanda cha kuni anacholala, anaokota vijiti kwa mkono wa kushoto, wa kulia umeungana umepinda, na moyo umekuuma. Ukauliza, Mama, nimwendee?

Nikanyoosha kidole niandike nenda. Kabla sijagusa kioo, jibu likawa limeshaandikwa. Usiende, mwanangu. Anayemhurumia msaliti humfundisha kurudia. Maneno yale sikuwahi kuyaandika, lakini ningeweza kuyaandika, ndiyo maana yalitoka. Ilijifunza kwangu. Nikamwambia Kocha simu hii naomba nijibu mara moja tu, ya mwisho. Akanishika bega, akasema wewe Mgongo umeshapumzika. Simu hii ni mali, ina mtu anayeiamini, itatunzwa mpaka uchaguzi mwingine. Hajui wewe ni nani kwangu. Kwake wewe ni Namba Tatu, na Mwenye Malori anataka kujua mapema kama utagombea tena.

Basi nilichotaka kuandika pale naandika hapa. Nenda. Ukimaliza kusoma nenda, hata kama umevaa sare, hata kama una hasira na mimi, na hasira hiyo ni haki yako. Mtoe kibandani umlaze kwenye kitanda. Tazama mkono ule kama unaweza kuvunjwa upya na kuungwa, wewe ndiye unayejua mambo hayo. Usimwambie umesamehe, hana alichokosa. Na ukitoka hapo, la mtoto ni lako, sina mdomo wa kukufundisha, ila mke wa fundi anastahili kusikia kwa kinywa chako, bila kicheko.

Nesi usimuage, usimtukane, wala usimuulize. Ukimwonyesha barua hii atakufariji. Atakwambia mdogo wako amechanganyikiwa na upweke, na atasema kwa upole sana, kwa sababu upole nao ilijifunza kwangu. Zima simu tu.

Nisalimie shemeji, nisalimie wanao, mwambie wa mwisho mjomba wake anasema kidole kina ladha lakini kitaisha. Msalimie mwenye mashine ya kusaga, umshukuru kwa kumwachia Shangazi kile kibanda, ndiye mtu pekee aliyefanya kitu. Shangazi usimpe salamu zangu. Nitampelekea mwenyewe, pamoja na mikono miwili inayojua kupiga misumari ya mabati, mgongo upende usipende.

Ni mimi mdogo wako,
uliyenibeba.

Natarajia kushuka Jumamosi tarehe 28, mchana, siku ya soko, watu wote wakiwepo. Baada ya miaka minne najua utataka kuuliza kama kweli safari hii nakuja. Nesi atakwambia siji bado, maana kila ulipomuuliza nilimfundisha kujibu hivyo. Jumamosi, tarehe 28. Usinipokee.